52 kwa 58: injini ndogo iliyonakiliwa na kila mtu

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunikuta nikilalamika kuhusu seva, hifadhidata na programu huria. Leo niwieni radhi, nitazungumzia mafuta na chuma. Desemba iliyopita nilienda nyumbani Kitui kwa wiki mbili, nia yangu ikiwa kuyapumzisha macho, na badala yake siku karibu zote nikazimaliza nimechuchumaa mbele ya pikipiki ya mjomba. Ni Yamaha DT125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ya kupita porini: matairi ya meno, madigadi ya mbele imeinuliwa juu, bomba la moshi limepandishwa ubavuni lisigonge mawe.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Kwa DT hiyo alizunguka Mutomo, Ikutha na Mutha akiwafundisha watu kuhusu mtama na matuta, na akivuka mito ya mchanga ambayo magari yalikuwa yanaiogopa. Serikali ilipoitoa kazini akainunua kwenye mnada wa vyombo chakavu. Tangu hapo injini ilishika mara nne. Kama hujawahi kuona injini ikishika, ni hivi: unaenda vizuri, pistoni inapata moto kupita kiasi, inavimba, inang'ang'ania ukuta wa silinda, na gurudumu la nyuma linasimama ghafla bila wewe kugusa breki. Mara ya nne alianguka na kuvunjika mfupa wa bega. Akaisukuma hadi kwenye ghala la mahindi, akaifunika gunia, na humo ikakaa.

“Wewe si unatengeneza kompyuta?” akaniuliza. “Na hii pia ni mashine. Niangalizie.” Wanaoandika programu wanaijua sentensi hii. Ukishaonekana na kompyuta, wewe ndiwe wa redio, simu, televisheni na sasa pikipiki. Bahati nzuri alikuwepo fundi mmoja mzee pale mjini ambaye mikono yake ilizijua hizi Yamaha kabla mimi sijazaliwa. Kazi ilikuwa yake, yangu ilikuwa kushika tochi na kuuliza maswali.

Tulipoinua kichwa cha injini na kuvuta silinda, pistoni ikabaki imesimama juu ya konrodi yake, imekwaruzika upande wa ekzosi. Fundi akaipangusa juu kwa kitambaa chenye petroli. Chini ya masizi kulikuwa na mshale, na kando ya mshale namba: 0.75.

Kwa anayejua, namba hiyo ni wasifu mzima wa injini. DT125 hutoka kiwandani na silinda yenye kipenyo cha milimita 56, na pistoni yake husafiri milimita 50. Piga hesabu utapata cc 123. Silinda ikichubuka, hupelekwa kwenye mashine ikachongwa ipanuke kidogo, kisha hutiwa pistoni iliyo pana zaidi kidogo. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, na mwisho 1.00. Yaani ni namba ya toleo, tena imepigwa muhuri juu ya chuma. Injini ya mjomba ilikuwa imekwisha kutumia matoleo matatu. Limebaki moja. Baada ya hapo ukuta wa silinda umekuwa mwembamba, na utalazimika kutafuta silinda nyingine au kutia slivu mpya, na slivu ya pikipiki ya miaka arobaini si kitu unachoagiza leo ukakipokea kesho.

Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja. Mara tatu injini ilichongwa ikafufuka, na kila mara ikafa tena kwa njia ileile, upande uleule wa pistoni. Tukichonga mara ya nne bila kujua kinachoiua, tumeimaliza. Nikamwambia fundi angoje kidogo. Usiku nikaanza kusoma historia ya injini hizi, na hapo ndipo nilipopotea, maana hadithi ni ndefu na inaanzia mbali na Japani.

Kwanza tuelewane jinsi inavyofanya kazi. Injini ya mapigo mawili, au tu-stroki kama mafundi wanavyoiita, haina vali juu kichwani kama pikipiki za bodaboda tunazoziona leo. Ina matundu ukutani mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango unaoyafungua na kuyafunga. Pistoni ikipanda, inavuta hewa na petroli kuingia chini, ndani ya tumbo la injini ambamo krenki inazunguka. Ikishuka, inausukuma mchanganyiko huo upande juu kupitia njia za pembeni, na wakati huohuo moshi wa mlipuko uliopita unatoka kwa tundu la ekzosi. Basi. Kila mzunguko wa krenki ni mlipuko mmoja. Shikilia jambo moja hapa, tutalirudia: tumbo la injini ni pampu. Ile sehemu ambayo kwenye injini nyingine ni bakuli la oili tu, hapa ni nusu ya mfumo wa kupumua.

Tatizo la zamani la injini hizi lilikuwa kwamba mchanganyiko mpya unaingia wakati moshi unatoka, na milango yote miwili iko wazi. Sehemu ya petroli ilikuwa inatoroka na moshi. Wahandisi wa mwanzo walijaribu kulizuia hilo kwa kuweka kinundu juu ya pistoni, kama ukuta mdogo wa kuurusha mchanganyiko juu kabla haujafika ekzosi. Kinundu kilisaidia, lakini kilifanya pistoni kuwa nzito na kupata joto vibaya. Katikati ya miaka ya 1920 Mjerumani mmoja, Adolf Schnürle, akapata jibu safi zaidi. Aliweka njia mbili za kuingizia, moja kila upande wa tundu la ekzosi, zikielekezwa nyuma. Mikondo miwili inakutana kwenye ukuta wa nyuma, inapanda, inageuka juu kichwani na kushuka ikisukuma moshi mbele yake. Kinundu hakihitajiki tena, na pistoni inakuwa karibu bapa. Ukiitazama pistoni ya mjomba leo, unatazama wazo la Schnürle.

Waliolichukua wazo hilo na kulitia kwenye pikipiki walikuwa DKW, kampuni ya mji mdogo wa Zschopau, jimbo la Saxony. Mwanzilishi wake, Jørgen Skafte Rasmussen, alitoka Denmark. Herufi hizo zilianza zikimaanisha gari la mvuke, mradi wa wakati wa Vita vya Kwanza ambao haukufika popote. Baadaye kampuni ikatengeneza kiinjini cha mapigo mawili cha kuchezea watoto, kisha injini ya kufungwa kwenye baiskeli, na herufi zilezile zikapewa maana mpya: ajabu ndogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 DKW ilikuwa ndiyo kampuni kubwa zaidi ya pikipiki duniani. Mwaka 1932 ikaunganishwa na Audi, Horch na Wanderer kuwa Auto Union. Zile pete nne unazoziona kwenye Audi inayokupita Thika Road, moja yake ni ya DKW.

Walinunua haki ya kutumia uvumbuzi wa Schnürle kwa injini za petroli, na washindani wao wakabaki nje ya ukuta wa hataza wakihangaika kutafuta njia za kuuzunguka. Mwaka 1939 wakatoa pikipiki ndogo iliyobuniwa na mhandisi wao Hermann Weber, RT 125. Silinda ya milimita 52, safari ya pistoni milimita 58, gia tatu, nguvu za farasi 4.75. Ilikuwa nyepesi, rahisi, na haikuwa na kitu cha ziada cha kuharibika. Kisha vita vikaanza.

Baada ya vita, Zschopau ikaangukia upande wa Wasovieti. Mitambo ya kiwanda ikang'olewa na kupelekwa Urusi kama fidia. Weber mwenyewe akapelekwa huko, na akafia huko. Hataza za Kijerumani zikafunguliwa kwa washindi, na ule ukuta uliokuwa umewazuia watu ukaanguka kwa siku moja. Na kila aliyeweza akajichukulia RT 125.

Sisi tunapotaka kujua kama mafaili mawili ni nakala ya kitu kimoja, hatuyasomi mstari kwa mstari. Tunalinganisha alama zao za vidole. Alama ya kidole ya injini hii ni 52 kwa 58. Urusi: Moskva M1A, 1946, 52 kwa 58. Uingereza: BSA Bantam, 1948, 52 kwa 58, ila imegeuzwa kama kwenye kioo, ya kulia ikaenda kushoto, kwa sababu Waingereza walizoea kubadili gia kwa mguu wa kulia. Kuna raha fulani kuona taifa zima likinakili kazi ya mtu huku likikataa kuubadilisha mguu. Poland nao wakaichukua. Marekani, Harley-Davidson, wale wa injini kubwa za kunguruma, wakatoa ya kwao kuanzia 1948, vipimo vimehamishwa kwenye inchi. Ujerumani ya Magharibi Auto Union wakaanza upya Ingolstadt na kuitengeneza tena 1949. Na Zschopau kwenyewe, ndani ya kiwanda kilichokuwa kimekombwa, waliobaki wakaianzisha tena. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa MZ.

Nakala inayotuhusu sisi ni ya Japani. Nippon Gakki walikuwa watengenezaji wa piano na vinanda. Wakati wa vita walitengenezeshwa rafadha za ndege, na vita vilipokwisha wakabaki na mashine za kuchonga chuma zisizo na kazi. Rais wa kampuni, Genichi Kawakami, akaamua zitengeneze pikipiki. Mwanzoni mwa 1955 wakatoa YA-1, iliyopewa jina la utani la Kereng'ende Mwekundu. 52 kwa 58. Lakini hawakunakili tu na kulala. Waliongeza gia ya nne, na wakapanga kiki ili uweze kuwasha injini hata gia ikiwa imeingia, bila kutafuta nyutro. Aliyewahi kuzimikiwa katikati ya mto wa mchanga ataelewa thamani ya hilo kuliko mimi. Mjomba alipolisikia alitikisa kichwa kwa heshima. Julai mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya peke yake, Yamaha Motor, na mwezi huohuo YA-1 ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji.

Hapa naomba niende kando kidogo, kwa sababu kisa kinachofuata kingekuwa sinema kama kingetokea kwenye kompyuta.

Pale Zschopau, ndani ya Ujerumani ya Mashariki, idara ya mbio ya MZ iliongozwa na mhandisi Walter Kaaden. Hakuwa na pesa wala vyuma vizuri. Alichokuwa nacho ni osiloskopu na subira. Aligundua kwamba bomba la moshi la tu-stroki si la kutolea moshi tu. Mlipuko unapotoka unatuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Bomba likipanuka kama tarumbeta, wimbi linarudi likiwa la kuvuta, na linasaidia kuingiza mchanganyiko mpya. Likisinyaa tena mwishoni, wimbi la pili linarudi likisukuma, na linaisukumia petroli iliyokuwa inatoroka irudi silindani kabla mlango haujafungwa. Fikiria: mlango uliokosa komeo kwa miaka hamsini ulifungwa kwa sauti. Kaaden alikuwa akitazama mawimbi hayo kwenye skrini na kuchora umbo la bomba kufuatana nayo. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, mahali ambapo babu yake RT 125 alitoa chini ya 5.

Agosti 1961 ukuta wa Berlin ukajengwa. Septemba, kwenye mashindano ya Sweden, dereva nyota wa MZ, Ernst Degner, aliyekuwa akiongoza kuwania ubingwa wa dunia, akatoroka. Mkewe na watoto walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwenye buti ya gari. Degner akaenda Suzuki na alichokuwa nacho kichwani, na mwaka uliofuata, 1962, akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50, wa kwanza kabisa kushindwa na injini ya mapigo mawili. Kaaden alibaki Zschopau. Mwaka 1946 waliochukua kazi ya Zschopau walikuwa majeshi. Safari hii alikuwa mtu mmoja, na alikuwa na sababu zake za kutaka kutoka. Nimejaribu kumhukumu nikashindwa. Ninachojua ni kwamba ndani ya miaka michache Wajapani wote walikuwa na mabomba yenye tumbo nene katikati, na bomba lililokuwa kwenye pikipiki ya mjomba lilikuwa na tumbo hilohilo.

Haya, turudi njiani. Yamaha waliendelea kuboresha. Mwaka 1964 walileta Autolube, pampu ndogo inayotoa oili kwenye tangi lake na kuipima yenyewe, dereva asilazimike kuchanganya petroli na oili kwa mkono. Mwaka 1968 wakatoa DT-1 ya cc 250 kwa soko la Marekani, pikipiki ya kwanza ya Kijapani iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya porini na barabarani pia. Kabla ya hapo walikuwa wakichukua pikipiki ya lami na kuipandisha bomba. Ndugu zake wadogo wa cc 125 na 175 wakafuata 1969. Mwaka 1972 ikaingia vali ya ulimi, kikaratasi chembamba kinachoruhusu hewa kuingia tumboni lakini kinakataa isirudi. Kufikia DT ya mjomba vipimo vilikuwa 56 kwa 50, alama ya kidole imebadilika, lakini cc ni 123 zilezile za Weber.

Huku kwetu DT na dada yake AG ya shambani zilipendwa na idara za serikali, makanisa na miradi ya misaada. Zilipungua polepole kwa sababu nyingi: sheria za moshi katika nchi zinazozitengeneza, bei ya oili, na mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilipopunguza kodi kwa pikipiki ndogo, nchi ikajaa injini za mapigo manne kutoka India na China. Sina ugomvi nazo. Zinakunywa mafuta kidogo na hazitoi moshi wa bluu.

Sasa ugonjwa. Kusoma yote hayo kulinirudisha kwenye lile jambo nililokuomba ulishikilie. Tumbo ni pampu. Krenki inatokeza nje ya tumbo pande mbili, kushoto kwenye magneto na kulia kwenye klachi, na mahali inapotokea kuna sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobana chuma. Kama sili ya kushoto imekauka, kila pistoni inapopanda tumbo litavuta hewa safi kutoka nje, hewa isiyopita kwenye kabureta, isiyo na petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Mchanganyiko mkavu unawaka kwa moto mkali. Pistoni inavimba, na inashika upande wenye joto zaidi, upande wa ekzosi. RT 125 yenye farasi wasiofika watano ingeweza kulivumilia hilo kwa muda. DT inatoa zaidi ya mara mbili ya nguvu hizo kutoka nafasi ileile, haina akiba ya kuvumilia.

Asubuhi nikamuuliza mjomba: kabla haijashika, ilikuwa inafanya nini? Hakufikiri hata kidogo. “Ilikuwa inalia. Ikipata moto, hata uachilie mafuta, inaendelea kulia juu yenyewe, haishuki. Niliwaambia wote. Wakasema ni kebo ya mafuta.” Fundi wangu akaniangalia, nami nikamwangalia. Injini inayokataa kushuka ikiwa moto inavuta hewa mahali. Mtumiaji alikuwa ameripoti hitilafu kwa usahihi kabisa, mara tatu, kwa gereji tofauti, na mara zote wakabadilisha kebo na kuchonga silinda. Nilikaa kimya kidogo nikikumbuka barua pepe ambazo mimi mwenyewe nimezijibu kwa kumwambia mtu azime kompyuta aiwashe tena.

Kushuku si kuthibitisha. Tulirudisha silinda na kichwa kwa muda, tukafungua gurudumu la magneto, tukaziba tundu la kabureta na la ekzosi kwa mpira wa tyubu ya zamani, tukaishusha pistoni chini ili njia zote ziwe wazi. Kwenye tundu la plagi tukaunganisha mashine ya shangazi ya kupimia presha ya damu, ile ya kubonyeza kwa mkono. Tukapanda hadi 300. Kwenye injini nzima mshale unatakiwa utulie hapo, ushuke polepole tu. Wetu ulirudi sifuri kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi. Fundi akapaka maji ya sabuni kwenye sili ya kushoto na mapovu yakatoka kama ya mtoto anayechezea mrija kwenye soda. Shangazi alisimama mlangoni akiuliza kama mgonjwa atapona, na mashine yake itarudi lini.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kazi tu. Tukatenganisha tumbo zima, tukabadilisha sili zote mbili na beringi za krenki. Konrodi tuliivuta juu na chini kwa vidole, haikucheza, tukaiacha. Silinda niliifunga kwenye taulo nikapanda nayo matatu hadi Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Pistoni ya 1.00 niliipata duka la tano, kwenye kisanduku kilichopauka rangi. Fundi alikuwa amenionya: usimwambie wa mashine achonge 57, mpe pistoni yenyewe aipime, kisha achonge kuifuata. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni kama milimita 0.04, nyembamba kuliko unywele. Akaniambia pia nihakikishe kingo za matundu zimelainishwa baada ya kuchonga, kwa sababu kingo kali hukamata ringi na kuivunja siku ya kwanza. Mwenye mashine alilainisha bila kuambiwa, na hapo nikaacha kuwa na wasiwasi naye.

Kwa 1.00, injini sasa ni cc 127 na nukta. Mjomba alifurahi sana kusikia imeongezeka.

Kuifunga tena kulichukua siku moja na nusu. Mshale wa pistoni unaelekezwa ekzosi. Kila ringi ina pini ndogo kwenye mfereji wake inayoizuia isizunguke, na midomo ya ringi lazima ikae kwenye pini hiyo, la sivyo itanasa tundu. Pampu ya Autolube tuliikuta imeondolewa siku nyingi. Mjomba alikuwa akitia chupa moja ya soda ya mililita 300 kwa kila lita sita za petroli, yaani moja kwa ishirini, na tuliamua tusimbadilishie desturi. Bomba la moshi tulilichoma ndani kwa moto hadi masizi ya miaka yote yakatoka kwa vipande. Hawa Wakaaden hawawezi kufanya kazi yao kama tumbo la bomba limejaa makaa. Kisha tukapima tena kwa mashine ya shangazi. 300, ikatulia. Nikahesabu hadi mia.

Iliwaka kiki ya saba. Moshi ulijaa uani, kuku wakakimbia. Tukaiacha ipate moto taratibu, tukaizima, tukaiacha ipoe, tukaiwasha tena. Mara ya tatu mjomba akasogea mwenyewe, akashika mpini kwa mkono wa bega zima, akafungua mafuta hadi ikapiga kelele, kisha akaachilia. Sauti ikashuka mara moja, ikatulia chini, tap-tap-tap. Akafungua tena, akaachilia tena. Ikashuka tena.

“Imeacha kulia,” akasema.

Fundi alimwamuru asipite kilomita 40 kwa saa hadi akamilishe kilomita 500, na asipande na mtu nyuma. Ile pistoni ya 0.75 nilikuja nayo Nairobi, iko mezani kando ya kibodi, upande uliokwaruzika ukinitazama. Mara ya mwisho kumpigia simu mjomba alikuwa amefikisha kilomita 340, na alitaka kujua kama anaweza sasa kuanza kwenda 60.